Nani Alisema "Amelala na Viatu"?

Jumanne, 9 Septemba. Jinja.

Nimefungua duka, nimefagia, nimetundika matairi nje. Redio inasoma matangazo ya vifo kama kila asubuhi. Nilikuwa napaka grisi mnyororo wa baiskeli ya mteja. Wakamtaja Opolot. Afande mstaafu wa magereza, mtangazaji wa ndondi wa zamani, amefariki Mbale. Nikaendelea kupaka. Mnyororo umeshajaa grisi, mimi napaka tu. Mteja akaniuliza kama naumwa.

Miaka mingi hatujaonana. Hatukugombana. Yeye alihamishiwa Mbale, mimi nikabaki na baiskeli zangu.

Sijalia. Sijui kwa nini.

Jumatano, 10 Septemba.

Redioni wanamkumbuka. Kila anayepiga simu anasema lile lile: "Amelala na viatu!" Ndivyo ilivyotangazwa jioni ile bondia Kasimu wa Masese alipoangushwa ulingoni, hapa hapa Jinja. Watu hawajaacha kuyatumia maneno hayo. Mlevi akianguka mtaroni, amelala na viatu. Mbunge asipoonekana, amelala na viatu. Binti yangu amenitumia picha ya Opolot kwenye simu, maneno yameandikwa chini yake kwa herufi kubwa.

Maneno ni yangu.

Nakumbuka wazi. Watangazaji wawili, kipaza sauti kimoja, tunapokezana raundi. Ilikuwa zamu yake. Kasimu alikuwa rafiki yetu sote. Alipoanza kupigwa vibaya Opolot alishindwa, machozi yakamtoka. Akanisukumia kipaza sauti kifuani. Kasimu akaanguka, nikasema. Sikuwa nimepanga. Nilikosa la kusema, likatoka hilo.

Sikuwahi kudai. Tulitangaza kwa Kiswahili, na siku zile hapa Uganda watu walikiona lugha ya wanajeshi tu. Nani angeuliza ni yupi kati yetu alisema nini?

Sasa nimekasirika. Namkasirikia maiti. Astaghfirullah.

Alhamisi, 11 Septemba.

Nimepiga simu redioni. Upumbavu.

Nilisema jina langu, Sulaimani, nilitangaza naye, na yale maneno niliyasema mimi. Kijana wa redio akacheka. "Mzee, leo ni siku ya Afande, tumwachie yake." Akakata. Waliopiga baada yangu wakanimaliza. Mmoja akasema kuna wazee wanaiba mpaka kwa wafu. Duka zima likasikia. Muuza chapati wa jirani akapunguza sauti ya redio yake kwa huruma, na hiyo ndiyo iliniuma zaidi.

Mke wangu Mariamu hakunifariji. "Na kama ni yako, unataka wakupe nini? Jeneza?"

Kesho naenda Mbale. Kuzika, au kubishana? Sielewi.

Ijumaa, 12 Septemba. Mbale.

Nimesali Ijumaa hapa, kisha nikatembea mpaka msibani, mtaa wa Nabuyonga. Turubai, viti vya plastiki, askari wa magereza wamekaa na kofia magotini. Nilimwogopa mjane, Mama Stella. Labda alisikia redio.

Alisikia. Alinishika mkono, akanipeleka nyuma ya nyumba, wanawake walipokuwa wakimenya ndizi.

"Bwana Sulaimani, yeye alinieleza yote. Wewe ulilia. Kasimu anapigwa, wewe unalia, zamu yako. Ukamsukumia yeye kipaza sauti kifuani. Hakutaka watu wajue ulilia. Kwa hiyo alinyamaza."

Nikasema hapana, ni yeye aliyelia.

Akaniangalia kwa upole, kama anayemwangalia mgonjwa. "Alijua utasema hivyo."

Sikuweza kula. Anasema machozi ni yangu. Anasema nilimsukumia kifuani. Kifua kile kile, mkono ule ule, ila umegeuzwa. Opolot hakuwa mwongo. Mimi pia si mwongo. Nimejaribu kujisikia nikisema yale maneno na sauti inayokuja kichwani ni yake. Lakini siku tatu mfululizo redio inaniambia ni yake. Jumanne, kabla redio haijasema, ingekuja sauti ipi? Sikuisikiliza Jumanne.

Naogopa. Kama hili si langu, ni lipi basi langu?

Jumamosi, 13 Septemba. Mbale.

Tumemzika. Mchungaji alisema mengi, mkuu wa magereza akasema machache. Kisha mshereheshaji akaniita: mzee kutoka Jinja, aliyetangaza naye.

Usiku nilikuwa nimepanga maneno. Yote yalipotea. Nikasema tulikuwa wawili na kipaza sauti kimoja. Nikasema tulipokezana. Basi. Nikataka kukaa.

Afande mmoja mzee akapaza sauti kutoka nyuma: "Sema ile, bwana! Sema kama yeye!"

Watu wakangoja. Mama Stella alikuwa ananitazama. Nikafungua mdomo, ikatoka. Amelala na viatu. Kwa nguvu, mbele ya kaburi, mwanamume mwenzangu yuko ndani ya sanduku. Watu wakacheka, wakapiga makofi, wengine wanajifuta macho. Mama Stella alijifunika uso kwa kitambaa. Kama alicheka au alilia, sikuona.

Yule afande akaja kunipa mkono. "Kabisa sauti yake."

Nilishukuru. Kisha nikaona aibu kwa kushukuru. Sijui kama nimempa au nimemnyang'anya.

Jumapili, 14 Septemba. Jinja.

Nimerudi. Mariamu ameniuliza nilisema nini. Nimesema nilisema maneno. Akaenda kuchemsha chai.

Jumatano, 17 Septemba.

Nimekwenda Masese kumtafuta Kasimu. Ndiye shahidi pekee aliyebaki. Anauza samaki wa kukausha karibu na gati, mgongo umepinda, jicho moja limefumba. Nilimkuta anageuza mukene, dagaa wa ziwani, juani. Aliponiona aliacha kila kitu, akanishika mkono.

Nikamuuliza upesi: ulipoanguka, nani alisema?

"Mimi nilikuwa chini, Sulaimani. Mtu iko chini nasikia nini?" Akacheka. Hakunicheka mimi.

Bado alikuwa ameshika mkono wangu. Akaniambia jirani alimletea habari Jumanne ile: yule mtangazaji wako amekufa. Jina hakulitaja. Kasimu akadhani ni mimi. Alifunga biashara, akaenda msikitini, akaomba niombewe dua. Alilia, anasema. Mpaka leo hakuna aliyemsahihisha.

Nikamwambia ni Opolot. Akakaa chini pale pale kwenye mchanga, na ilibidi alie upya.

Nikakaa naye. Hapo ndipo machozi yangu yalikuja, mara ya kwanza. Baadaye mawingu yalikusanyika upande wa ziwa, tukainuka, tukaanza kuingiza samaki ndani kabla ya mvua.