Ndizi Nilizompelekea Bibi Bernadetha

Kiboriloni, Moshi
Jumanne jioni

Bibi yangu mpendwa Mektrida,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Kibosho, goti limetulia, na ng'ombe ameacha kuchagua majani. Sisi huku tu wazima. Mama anakusalimu, anasema usijitwishe tena majani peke yako, umwite Tito hapo jirani, kwani hana kazi anayofanya zaidi ya kusikiliza redio. Alitaka nikupigie simu, lakini unanijua, kwenye simu maneno hunikauka. Tafadhali soma ukiwa umekaa.

Klabu yetu ya historia inaandika habari za lile duka kubwa la ghorofa ulilofanyia kazi ujana wako. Linabomolewa mwezi ujao ijengwe hoteli. Nilipokuuliza wakati wa likizo ulisema maduka hayana historia, yana vumbi tu, nami sikukusumbua tena. Basi Mwalimu akanielekeza kwa mama mmoja mzee hapa hapa Kiboriloni aliyewahi kuuza humo. Sikujua jina lake mpaka nilipofika. Ni Bernadetha.

Naomba usiikunje barua bado.

Alinisimulia mengi, Bibi. Alisema familia ya Kihindi iliyolijenga iliweka vyombo na mablanketi chini, nguo juu, na kwenye ngazi kioo kirefu kuliko mtu. Watu walishuka kutoka mlimani baada ya kuuza kahawa, wakapanda ngazi ile kujitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, wakarudi nyumbani bila kununua hata sindano. Mzee mmoja alimwamkia mtu wa kwenye kioo, akakasirika kwamba haitikii. Alisema ninyi wawili mlicheka mpaka mkajificha nyuma ya magora ya vitambaa. Sikujua kwamba uliwahi kucheka kazini.

Alieleza pia jinsi serikali ilivyolichukua duka, wauzaji mkabaki ninyi wale wale, na jinsi ilivyokuja ile miaka ya uhaba, foleni ikazunguka jengo tangu alfajiri. Hapo sauti yake ikashuka. Alisema uliweka kitambaa cheupe chini ya kaunta kwa ajili ya gauni la kipaimara la Mama. Meneja alipouliza kimefichwa wapi, Bernadetha aliogopa, akaonyesha kwa kidole. Ukafukuzwa siku ile ile. Ukasimama ngazini mbele ya foleni nzima ukamwita Bernadetha 'mbwa wa meneja'. Alisema mpaka leo watoto wa jirani wakimwita mbwa wao, yeye hugeuka. Akacheka, kisha akajipangusa macho kwa ncha ya khanga.

Sasa Bibi, kuna jambo ambalo ni lazima ulijue.

Sikwenda kwake mikono mitupu. Nilichukua kichane kimoja cha zile ndizi ulizotupatia. Kamba ya mgomba ilikatika nikiwa njiani, na karibu na kanisa kuna ua wa isale, basi nikachuma jani moja refu, nikafungia ndizi zangu fundo zuri. Mimi nilijua isale ni ya mipaka ya vihamba vya migomba na makaburini. Hayo mengine hayamo katika kitabu chochote nilichosoma.

Alipofungua mlango aliniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nikamwambia ni mjukuu wa Mektrida wa Kibosho, na kwamba ndizi zimetoka kwako. Akalitazama lile fundo. Akazipokea kwa mikono miwili, akaketi palepale kizingitini. Nilidhani anapenda sana ndizi.

Nilipoaga aliniambia nikufikishie kwamba amepokea. Alisema aliyestahili kuleta ni yeye, lakini kila alipokata jani alihofia utalikanyaga.

Nilipofika nyumbani nilimwuliza Mama maana yake. Alicheka, ndipo akanieleza kwamba anayekuletea isale yenye fundo anaomba msamaha, na ukishaipokea, ugomvi umekwisha. Kwa hiyo umemwomba msamaha Bibi Bernadetha, naye ameshakusamehe, na wewe ulikuwa hapo nyumbani ukikata majani ya ng'ombe.

Najua wewe ndiye uliyefukuzwa kazi. Najua hukutuma chochote. Nimeshika njia ya kwake mara mbili ili nimweleze kwamba nilikuwa nafunga ndizi tu, na mara zote nimerudi nyumbani bila kumwambia. Ile ya pili nilimkuta nje anashona mkono wa gauni lake la kanisani. Aliniambia Jumapili baada ya misa anakuja kwako, na akaniuliza kama bado unapenda chai yenye tangawizi nyingi. Nilijibu ndiyo.

Ukitaka ajue ukweli, mtume Tito aje aniambie kabla ya Jumamosi, nami nitakwenda kumweleza, hata kama nitatetemeka. Nisipomwona Tito, mimi mwenyewe nitampandisha Bibi Bernadetha huko kwako, nikimshika mkono pale kwenye mteremko wa mawe.

Wasalimie Tito na majirani wote, na Mungu akulinde.

Mjukuu wako akupendaye,
Salvina