Mtoto Aliyeunguzwa na Feni

Kiwalani,
9 Juni 2024

Kwako wifi yangu Noela,

Pokea salamu zangu kutoka huku Kiwalani. Natumaini wewe na watoto mmeamka vyema, na kwamba miguu ya mama imepungua kuvimba. Mie nipo. Wakati wa mvua kifua kilinibana kidogo, sasa nalala vizuri, ila bado nalala upande wangu wa ukutani tu, kama vile mwenyewe atarudi akitaka nafasi yake.

Utashangaa kupata karatasi wakati simu unayo. Nimechoka na maneno yanayosomwa na kila mtu. Haya nimetaka uyasome peke yako.

Ulipokuja kwenye matanga uliniuliza nitaishije. Nilijaribu kuziuza feni kuukuu alizotengeneza mume wangu Gibson akaziacha kibandani, kwenye ule mnada wa kwenye simu, kwa jina lake lilelile, maana ndilo watu walilolizoea. Hakuna aliyepanda bei hata mara moja. Unajua kule ulivyo utaratibu: mali ikishauzwa, mnunuzi anampa muuzaji nyota na maneno, na muuzaji naye anampa mnunuzi. Anayekuja baadaye anasoma kabla hajatoa bei. Akifungua za Gibson, ya juu kabisa ni ile nyota moja ya mwaka jana, ya mtu aliyejiita Mteja Makini: "Fundi mwizi. Feni imelipuka, mtoto wangu kaungua mkono." Chini yake ni vicheko. Mmoja kauliza kama feni zake zinakuja na kizimamoto. Mwingine kasema, braza, achana na feni, uza majiko. Maneno yale hayafutwi na mtu ila aliyeyaandika. Gibson aliwaandikia wenye mnada, wakamjibu amalizane na mteja wake. Hakuna aliyemuuliza mteja hiyo feni iliyolipuka iko wapi.

Kaka yako alikuwa mgumu kwenye mambo ya nyota, na wewe unalijua hilo kuliko mie. Alipokupa nyota tatu kwa kile kitenge ulichomuuzia hukohuko mnadani, akaandika kwamba ni kizuri ila kinachuja rangi, ulipiga simu nikiwa namenya viazi. Sauti yako niliisikia hadi jikoni. Ulimuuliza ni ndugu gani anayempa ndugu yake nyota tatu, wakati wenzako wananyanyuliwa na kina shangazi mpaka na majirani. Akacheka. Akakwambia akikupa tano za undugu, na wewe utampa tano za undugu, na mwisho mteja atakuwa ameibiwa na ukoo mzima. Nilimwambia angenyamaza tu, asitoe nyota yoyote. Akasema kitenge amekiosha yeye mwenyewe, na beseni lote limegeuka zambarau.

Basi yule Mteja Makini alipoandika, Gibson hakubisha. Nilitaka abishe. Aliniambia mtu hawezi kusingizia mtoto wake mwenyewe. Alimtumia ujumbe wa kuomba radhi, akaomba aelekezwe nyumbani, maana feni ilichukuliwa na bodaboda, amwone mgonjwa, airudishe pesa na aichukue ile feni aikague. Akajibiwa: Mbezi Beach, nyuma ya kanisa, geti jeusi. Baada ya hapo hakujibiwa tena.

Alinunua machungwa na maziwa ya mtoto, akavaa lile shati lake la kanisani. Kwenye mageti yote meusi ya mtaa ule alibisha hodi, akauliza kama kuna mtoto aliyeungua. Mlinzi mmoja alimfukuza, akamwambia watu wa kuchunguza nyumba za wenzao siku hizi wana visingizio vingi. Mwingine alimcheka, akasema, mzee, siku hizi hadi wagonjwa mnawatafuta geti kwa geti?

Kiu ilipomzidi akapita kwako, hapo karibu. Alinisimulia aliporudi. Ulimkaribisha, ukampa juisi ya ukwaju, ukamsikiliza mpaka mwisho. Alitaka kuingia kumwamkia mama yenu, ukasema kalala, asimwamshe. Ukamshauri ajaribu mtaa wa chini. Alipokosa huko nako, alirudi akakuachia machungwa na maziwa, akakuomba ukimpata huyo mtoto umpelekee. Alikushukuru sana, wifi. Alisema afadhali ana ndugu upande ule.

Tangu hapo akawa haachi feni itoke kibandani kabla hajakaa nayo siku nzima, mkono umeishika kama anayempima mtu homa. Halafu akaacha kuzitoa kabisa. Sisemi nyota ile ilimuua. Daktari alisema ni presha, na presha alikuwa nayo. Lakini katika maneno yake ya mwisho yaliyoeleweka alimtaja yule mtoto. Aliniuliza kama mkono wa kuungua unaweza kushika kalamu. Nikamwambia unaweza. Na siku ya mazishi, mtu mmoja nyuma yetu alimnong'oneza mwenzake kwamba marehemu ndiye yule aliyeunguza mtoto. Ulikuwa umenishika mkono. Ulisikia, kwa maana uliubana.

Sasa nije kwenye jambo langu. Jumapili iliyopita nilipokuja kumsalimia mama, wewe ulikuwa kwenye kikao chenu cha kikoba. Mama alinikaribisha chumbani kwake. Kulikuwa na joto, akaniambia niisogeze feni tupate upepo wote wawili. Akaisifu: kaninunulia Noela kwenye mnada wa simu, mwaka jana, ina upepo mtamu hiyo.

Nilipotaka kuipunguza kasi, mkono wangu ulishika kifuniko chekundu cha dawa ya meno. Kitufe chenyewe kilikuwa kimepotea, Gibson akachomoa kifuniko cha dawa yetu, akakichonga, akakipachika kwenye feni ile aliyokuja kuinunua Mteja Makini. Niligomba wiki nzima, dawa inakauka kwenye tyubu. Akaniambia kuna mtu mahali fulani atalala vizuri kwa ajili ya kifuniko changu.

Feni haijalipuka, wifi. Haina hata alama ya moshi. Wanao wote wawili walikuwa uani wanaruka kamba, na mikono yao niliitazama mmoja mmoja, Mungu anisamehe.

Niliporudi nilifungua simu ya marehemu. Nafasi ya kumpa nyota Mteja Makini bado ilikuwa wazi. Gibson hakutaka kuijaza kabla hajamwona mtoto. Nimeijaza mie. Nimekupa tano, na nimeandika kwamba ulilipa siku ileile na kwamba feni inafanya kazi. Yote ni kweli, yeye asingekupunguzia. Tayari mtu kaandika chini yake, fundi moto kafufuka.

Sikuombi ulifute neno lako. Wanaonunua feni watanunua kwingine, nami nimeanza kukaanga mihogo hapa nje, haina nyota. Ninachokuomba ni hiki kimoja. Siku ile mama aliinamisha kichwa akaniambia kwamba kila akienda kulala anamwombea yule mtoto aliyeunguzwa na mwanawe, ili Mungu asimhesabie Gibson dhambi ile. Anamwombea bila jina, na inamsumbua. Akaniuliza kama tuliwahi kulijua jina lake. Upepo ulikuwa unampuliza kanga usoni. Nikamwambia mie silijui, ila Noela alipewa maziwa na machungwa ampelekee, huenda analijua.

Atakuuliza. Mjibu wewe.

Wasalimie watoto, mwambie mama nitaleta mihogo nikipata nafasi. Nikumbuke.

Ni mie wifi yako,
Vaileth