Mashua ya Masasi

Mama Zuhura mpenzi, umeamkaje huko Mkunya?

Nimetoka hospitali nikakuta mashua ya matanga juu ya lori bovu, hapa Masasi pasipo bahari! Ina vitanda, hata jiko. Mwenyewe alikuwa akiipeleka Mtwara, kachoka, anaiuza. Nikamwambia kwanza tuijaze maji, kama tunavyopima tangi kwetu.

Akacheka. "Mzee wangu, mashua huzuia maji yasiingie. Wewe unataka yasitoke!"

"Ufa ni ufa, kijana wangu."

Tukamimina ndoo kwa ndoo hadi magotini. Chini halikudondoka tone. Basi nimeinunua, na sasa nimekaa ndani yake, sijielewi.

Nakuungamia: daktari amesema moyo wangu hauna safari ndefu. Bahari nimeitamani tangu ujana, nikakuficha. Lakini nikiyatazama haya maji, nakuona wewe ukipanda mlima na ndoo kichwani.

Dereva wa lori jingine nililokodi anauliza, Mtwara au Mkunya? Nimemjibu Mkunya, na bado sijui kama nimejibu sawa. Tuiweke chini ya ukingo wa bati la nyumba, ikinge maji ya mvua, usipande tena mlima. Ukichota humo, nikumbuke.

Nakupenda, mke wangu.
Baba Zuhura