Mashine Uliyosema Niitupe

Lubumbashi, Annexe

Mama yangu mpenzi,

Nakusalimu sana. Mguu uliokuzuia kuja kuzika unaendeleaje? Usingizi umeanza kurudi? Mimi mwili ni mzima. Nakula, nafanya kazi, naenda misa. Kulia bado sijalia, sijui kwa nini.

Kwenye simu uliniuliza mara mbili kama ile mashine ya mafuta ya mazutu iliyomuua Mathias imeshatupwa, nami nikajifanya mtandao umekatika. Ndiyo maana nakuandikia.

Mdogo wangu hakuugua, Mama. Injini ya kinu tuliiweka ndani kwa kuogopa wezi, na bomba lake la moshi tulilikata sisi wawili ili mlango ufungike. Siku ile mvua ilinyesha, akafunga mlango na dirisha unga usilowe, akaendelea kusaga ndani ya moshi. Mimi nilikuwa nimepeleka magunia sokoni. Niliporudi nilimkuta amelalia mahindi, nikamwambia aamke, wateja wanangoja.

Tulipotoka makaburini nilimwomba mama mwenye kinu tuizime kabisa. Hakukasirika. Alinionyesha wanawake waliopanga mstari na mabeseni yao, akasema, "Courant ya umeme haiko, miezi mbili sasa. Kama tunafunga, bantu batakula nini?"

Paneli ya sola iko juu ya paa, lakini inawasha taa na kuchaji simu tu, kinu haikizungushi. Betri kubwa ya kukizungusha hakuna anayeiweza huku kwetu, ingawa malori yenye madini ya kutengenezea betri hizo yanapita barabarani kila siku, nayo yanakunywa mazutu. Kila mtu anaichukia ile injini, na kila mtu anakuja na beseni lake. Zamani ningecheka.

Kesho yake unga wa matanga ulikwisha, na waombolezaji hawajala. Hakuna aliyeniomba. Niliitoa injini nje, nikazungusha mkono wake wa manivela, ikawaka mara moja. Nikasaga, wakasonga bukari, watu wakala. Mimi pia nilikula.

Kwa hiyo sijaitupa, Mama. Hata leo asubuhi nimeiwasha.

Nisalimie baba mkubwa katekista, na shangazi na samaki wake wa kukausha. Dereva aliyebeba barua hii anakuletea pia nguo za Mathias, nimezifua.

Ukiniita huko kwako Pweto, nitakuja. Usiponiita, kesho nitaiwasha tena.

Mwanao uliyebaki naye,
Donatien