Moyo wa Baba Yako Uko Kulia

Chumba cha Picha Namba 2,
Hospitali Kuu,
S.L.P. 77.

Jumamosi, tarehe 14 Juni

Mpendwa mwanangu,

Pokea salamu nyingi za shangazi yako. Natumaini barua hii inakukuta mzima, mgongo umeacha kukusumbua na baridi ya huko haijakumaliza. Mkeo hajambo? Mtoto ameshaota jino la pili? Sisi huku hatujambo, isipokuwa baba yako, naye sasa anaendelea vizuri, kwa hiyo usishtuke ukaitupa barua kabla hujafika mwisho. Wiki iliyopita nusura tumpoteze, si kwa ugonjwa bali kwa ujuaji wa watu. Nimeandika kwa kalamu makusudi. Kwenye simu ungenikatiza, na nasikia siku hizi una haraka.

Nianze na habari za kazini, maana ndiko balaa lilikotoka. Mkurugenzi wetu, yule mwenye tai ndefu kuliko akili, ametuletea programu ya kompyuta inayosoma picha za eksirei. Aliyeiuza alikuja na viatu vinavyong'aa, akatuambia haichoki wala haikosei. Sisi wapiga picha tumeipa jina la Mjuaji. Kazi yake ni kuchora duara jekundu kila inapoona ugonjwa, na ugonjwa huuona hata kwenye kifungo cha shati. Mwezi uliopita ilimwandikia mama mmoja kifua kikuu. Yule mama akakaa kwenye benchi la korido akilia na kujiuliza nani atalea wanawe. Nilipoitazama picha nikaona ni msuko wa nywele umelala begani. Nikamwambia azifunge juu, nikampiga upya, kifua kikuu kikapona papo hapo.

Sikatai, siku moja iliona ufa kwenye mfupa wa kiganja ambao mimi niliupita. Niliikubalia, ingawa kwa shingo upande. Lakini kuona ufa mmoja si sababu ya kuvishwa koti la udaktari.

Daktari wetu wa picha, yule mzee mwenye miwani miwili, alistaafu mwaka juzi. Mkurugenzi hakuajiri mwingine. Sasa picha zinarushwa ng'ambo kwa mtandao, zinasomwa na madaktari tusiowajua, ripoti zinarudi kabla mgonjwa hajamaliza kuvaa shati. Majina hufutwa, inabaki namba tu, eti kulinda siri ya mgonjwa. Siri imelindwa kweli, hata msomaji hajui anamsoma mtu. Kwenye skrini yangu kuna nafasi ya maelezo ya mpiga picha. Nimeijaza kwa miaka miwili kwa uaminifu wote, na wiki iliyopita ndipo fundi wa kompyuta aliponiambia, huku akitafuna njugu, kwamba maelezo yale hayaendi popote. Yanaishia humu humu. Miaka miwili nilikuwa nauandikia ukuta.

Sasa nikupe habari za baba yako. Alianza na kikohozi, akakificha kama kawaida yake, mpaka mama yako akamburuta hospitali akiwa hawezi kupanda ngazi tatu bila kupumzika. Nilimpiga picha mimi mwenyewe. Nimonia, na maji mengi yamejaa upande wa kushoto wa kifua. Nilibandika herufi yangu ya madini ya risasi upande wake wa kulia, ile inayotokea nyeupe kwenye picha ili msomaji ajue upi ni upi. Mkurugenzi alishatutangazia kwamba herufi za risasi ni ushamba, kompyuta itaweka alama yenyewe. Mimi za kwangu sikuzitupa. Na kwenye ile nafasi ya maelezo nikaandika waziwazi: moyo wa mgonjwa huyu uko kulia tangu kuzaliwa.

Haya unayajua. Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukilaza sikio upande wa kulia wa kifua chake, ukiwaambia wenzako kwamba baba zao ndio wenye moyo upande mbaya. Usilolijua ni jinsi tulivyogundua. Nilikuwa mwanafunzi, yeye amekuja kupimwa kifua ili aajiriwe. Nilipotoa picha, mwalimu wangu akanigonga kichwani kwa kalamu, akasema nimebandika herufi upande usio wake. Nikarudia. Akanigonga tena. Mara ya tatu akaingia mwenyewe chumbani, akambandikia baba yako herufi kwa mkono wake, na moyo ukatokea palepale, kulia. Yule mzee mkali alivuta kiti akakaa, akaniomba radhi mbele ya darasa zima. Ndiyo maana mpaka leo namheshimu.

Siku ya pili, saa ya chakula cha mchana, nilipanda wodini kumpelekea baba yako uji. Nikamkuta amekalishwa kitandani, mgongo wazi, amekumbatia mto. Daktari wa wodi ameshavaa glavu na sindano ndefu iko kwenye trei. Kwenye ubavu wa kulia wa baba yako kulikuwa na msalaba umechorwa kwa kalamu ya bluu. Mwanangu, uji ulinimwagikia viatuni. Ule ndio upande wa moyo wake.

"Daktari, ngoja. Maji yako kushoto," nikamwambia.

Hakugeuka. "Ripoti inasema kulia, mama. Tuachie kazi yetu."

"Umemgonga kifua ukasikia? Umeweka kipimo masikioni?"

"Ripoti imesainiwa na bingwa. Wewe si mpiga picha tu?"

Mpiga picha tu! Nikamuuliza kwa nini asitumie altrasaundi ahakikishe kabla ya kuchoma. Akasema mashine imefungiwa kabatini na mwenye ufunguo yuko kwenye semina. Semina ya nini? Ya usalama wa mgonjwa. Ningecheka kama kaka yangu asingekuwa amekaa mbele ya sindano. Nikaichukua trei yote, nikaikumbatia kifuani, nikasema sitaitoa mpaka aweke mkono wake juu ya kifua cha mtu huyu. Muuguzi mkuu akaja mbio akidhani nimepagawa. Baba yako, na pumzi zake za kuhesabu, akasema, "Mwanangu daktari, mtii tu. Huyu dada yangu hata mimi simwezi."

Akaweka mkono kwa kunifurahisha. Kushoto, kimya. Kulia, dundu, dundu, dundu. Uso ulimbadilika rangi, akaufuta ule msalaba kwa spiriti bila kunitazama. Maji yalitolewa kushoto, chupa mbili zikajaa, na jioni ile baba yako aliomba chakula mara mbili.

Nilishuka chini nikaifungua ripoti mwenyewe. Mjuaji alikuwa ameweka onyo la njano: moyo hauko mahali pake, huenda herufi imewekwa vibaya. Sawa, mashine haina baba. Lakini chini yake binadamu ameongeza kwa maneno yake: "Herufi ya upande imebandikwa kimakosa na mpiga picha. Maji yako kulia. Wapiga picha wafundishwe upya." Kumbukumbu ya kompyuta inaonyesha picha ilifunguliwa na kusainiwa ndani ya sekunde arobaini na moja. Mimi kumenya kitunguu kimoja hunichukua muda zaidi.

Na mwishoni kabisa, jina la aliyesaini. Nilivua miwani nikaifuta, nikasoma tena. Ni jina lako, mwanangu. Jina la baba yako liko pembeni yake kama tulivyokuandikisha shule.

Hukuniambia kwamba kampuni yenu ndiyo inayosoma picha zetu. Labda hata wewe huambiwi zinatoka wapi, maana kwenu picha ni picha. Najua utasema ilikuwa namba tu, na kwamba siku ile ulikuwa na picha mia mbili mezani, na kwamba mashine ndiyo iliyotangulia kukosea. Yote nayakubali, na yote nayadharau. Mwenye macho haambiwi tazama, walisema wazee, lakini hawakukutana na daktari anayetazamiwa na kompyuta. Hewa ya tumbo ilikuwa kushoto na ini kulia, mahali pake kwa herufi ile ile, ni moyo tu uliohama; kila kitu ndani ya mtu yule kilikuwa kinakupigia kelele. Ulichoamini ni kwamba mwanamke mmoja asiye na jina, mahali fulani, hajui kulia na kushoto. Hilo lilikuwa rahisi kwako kuliko kutazama. Nilikukaripia hivi kichwani siku tatu nzima kabla ya kushika kalamu, kwa hiyo hapa umepunguziwa.

Sina kinyongo cha mtu wa nje. Nimeumia kama mtu wa ndani. Mimi ndiye niliyekuonyesha picha ya kwanza maishani mwako, ukiwa umesimama juu ya kiti kwenye chumba changu, unauliza kwa nini mifupa haina macho. Nilijivuna kwa ajili yako mpaka majirani wakachoka.

Ripoti ile bado imo kwenye kompyuta, na mimi siruhusiwi kuigusa. Daktari mwingine akiifungua mwakani, baba yako atachorwa msalaba mwingine, na huenda siku hiyo nisiwe na uji wa kumpelekea. Ifungue, uirekebishe kwa jina lako, si kwa jina la mashine. Na ukiwa hapo, waulize mabosi wako maelezo ya wapiga picha yanafia wapi.

Mama yako anakusalimu, anasema usisahau kuvaa soksi. Bibi yako anakusalimu, ingawa kila siku anakuita kwa jina la mjomba wako. Mdogo wako wa kike amefaulu mtihani na anataka kusomea picha kama wewe. Nimemwambia aje kwanza kwangu.

Baba yako ndiye anayekusalimu kuliko wote. Hajui aliyesaini ripoti. Wodi nzima ameshaisimulia kwamba mwanawe ni bingwa wa picha ng'ambo, na jana alimshika muuguzi mkono akamwambia, "Wangempelekea mwanangu picha tu. Yule angeujua moyo wangu hata bila jina." Nilikuwa nimekaa pembeni nammenyea chungwa lake. Mimi sitamwambia aliyesaini. Hilo ni lako. Anarudi nyumbani Jumatano, na simu ataishika mwenyewe.

Mungu akulinde, akupe macho ya kutazama na moyo wa kukiri.

Ni mimi shangazi yako, nikupendaye bado.