Pumzi Kumi na Nane

Laurel Branch, Kentucky
Tarehe 9 Mei

Kwa dada yangu mpenzi Nadine,

Salamu nyingi zikufikie huko Ohio, na zikukute goti lako jipya limeanza kukutii. Sisi huku tunaendelea kwa kiasi chetu. Mgongo wa Delmer uko vilevile ulivyouacha: ukitabiri mvua, inanyesha. Anakusalimu sana na anasema shemeji yake asipande ngazi kwa kiburi. Shangazi Vesta naye ni mzima kabisa. Anamaliza wiki nzima akitembelea wagonjwa, na wengi wao hupona upesi ili asirudi.

Najua utajiuliza kwa nini barua na simu ipo. Kwenye simu wewe huniuliza swali la pili kabla sijajibu la kwanza, na jambo hili nataka nilimalize bila kukatizwa. Jumatatu saa nne asubuhi nimeitwa chuoni mbele ya watu watatu. Wataamua kama nitaendelea kusomea uuguzi au nirudishe sare yao. Shangazi Vesta angekufikishia habari hii ikiwa imekwisha kuungwa kwa viungo vyote. Nimeona bora uipate kwangu, chukuchuku.

Unakumbuka tulipomzika mama, miaka minne iliyopita, nilikwambia nimechoka kuwa msaidizi wa wauguzi pale kwenye nyumba ya wazee, nataka kuwa muuguzi mwenyewe. Ulinitazama kama mtu aliyesema anataka kujifunza kuruka. Sikukulaumu. Nilikuwa na miaka arobaini, na mara ya mwisho kufungua kitabu cha hesabu rais alikuwa mwingine kabisa, nisiyemkumbuka vizuri.

Siku ya kwanza nilipokwenda chuo chetu cha jamii kuchukua fomu, binti wa dirishani aliniuliza kwa upole kama mwanangu yuko njiani au nimemwacha kwenye gari. Nikamwambia mwanafunzi ndiye mimi. Akasema, aa, safi sana mama, kwa sauti ile wanayotumia kumsifu mtoto aliyekwenda chooni peke yake. Kisha akanipa orodha. Kabla ya kuomba nafasi ya uuguzi ilibidi nisome kwanza mwili wa binadamu, mara mbili, halafu vijidudu, halafu hesabu, halafu namna ya kuandika insha. Miaka miwili, dada, na bado hujaomba kitu. Ni kama kufagia ua wa mtu ili akuruhusu ubishe hodi.

Delmer alinisaidia kukariri. Alikuwa akilala chali sakafuni kwa ajili ya mgongo wake, ameshika kadi juu ya uso, ananiuliza mifupa ya kiganja. Sasa anaijua kuliko mimi. Majuzi kanisani mtu alimwambia mkono unamuuma, Delmer akamtajia mfupa kwa jina lake la Kilatini, na tangu hapo watu wawili wamekuja nyumbani kuuliza kama daktari yupo.

Mwaka wa kwanza wa kuomba nilikosa kwa pointi moja. Waombaji walikuwa mia moja arobaini kwa nafasi thelathini na mbili. Wanakupa pointi kwa kila kitu: alama, mtihani wa kuingia, hata kuwa mkazi wa kaunti. Miaka kumi na mitano ya kuosha wazee, kuwageuza, kuwalisha na kuwafumba macho ilinipatia pointi mbili. Msichana aliyesoma Kihispania alipata tatu. Sikulalamika, ila nilikaa ndani ya gari pale maegeshoni mpaka vioo vikaingia ukungu.

Mwaka wa pili barua ikaja ya kunikubali. Delmer aliisoma kwa sauti mara tatu, mara ya tatu akamsomea mbwa. Halafu wakataka kadi yangu ya chanjo za utotoni, na wewe unajua mafuriko yalivyoifanya ile ofisi ya afya. Hakuna kadi, hakuna nakala. Basi nikachanjwa upya zote, mwanamke mzima wa miaka arobaini na tatu, mikono yote miwili. Nesi akanipa kibandiko chenye picha ya dubu.

Tulianza Agosti. Nimekuwa nikienda darasani siku nne, na Jumamosi na Jumapili nafanya kazi kwa muda wa saa kumi na mbili kila siku kwenye nyumba ile ile ya wazee. Wenzangu wana miaka ishirini na kidogo. Wananiita Bi Twyla na kuniuliza kama enzi zangu tulitumia sindano za kuchemsha. Anayekaa nami darasani, Kaylin, ni mtoto wa watu mwema, ananipigia miluzi nikisinzia. Nilisinzia sana. Nimesinzia kwenye foleni ya dukani nikiwa nimesimama, mkono juu ya gunia la viazi, na mtu nyuma yangu akaomba radhi kwa kuniamsha.

Mkufunzi wetu wa wodini ni Bi Birchfield, mdogo kwangu kwa miaka tisa, mwembamba, hacheki ovyo. Wiki ya kwanza alinitazama nikitandika kitanda, akasema nimetandika vizuri na haraka, na haraka ndiyo itakayonitaabisha. Alisema wenzangu kazi yao ni kujifunza tu, ila mimi nina kazi ya kusahau kwanza. Nilikasirika, nikamwita majina fulani moyoni. Hata nyumbani niliyarudia, Delmer akanisaidia kupata mengine mawili.

Sasa lazima nikueleze jambo moja la kazi yetu, maana bila hilo hutaelewa yaliyonipata. Asubuhi na jioni msaidizi huzunguka kupima kila mgonjwa: joto, presha, mapigo ya moyo, na pumzi. Vitatu vya kwanza vina mashine. Pumzi haina. Inabidi ushike kifundo cha mkono kana kwamba unahakiki mapigo kwa vidole, ili mgonjwa asijue, maana akijua anatazamwa anaanza kupumua kwa adabu. Huku umeshika, unatazama kifua kikipanda na kushuka, unahesabu kwa saa ya mkononi. Nusu dakika, ukiwa mvivu. Dakika nzima, ukifuata kitabu. Nawe una wazee ishirini na wawili, na mmoja amekwisha kujimwagia uji.

Basi wasaidizi wote, dada, tunaandika kumi na nane. Hakuna aliyetufundisha, tunarithishana. Kumi na nane kwa dakika ni namba nzuri, haimshtui mtu. Ukichungulia makaratasi ya nyumba ile utadhani wazee wote wa kaunti hii walifundishwa kupumua na mwalimu mmoja wa kwaya.

Wiki mbili zilizopita nilipewa mgonjwa hospitalini, Mzee Hobart Sizemore, mchimba makaa wa zamani aliyevunjika nyonga. Alikuwa mcheshi. Aliniuliza kama mimi ndiye bosi, nikasema ni mwanafunzi, akasema basi chuo hicho kinawakawiza sana watu. Nikampima joto. Nikampima presha. Nikashika mkono wake, nikaachia, nikaandika kumi na nane. Sikuamua kuandika, Nadine. Mkono uliandika wenyewe kama unavyofunga kifungo.

Bi Birchfield akapita, akaisoma karatasi, akamtazama mzee. Akavuta kiti, akamshika mkono, akatulia dakika nzima. Aliniambia kwa sauti ya kawaida nikamwite daktari, na nisitembee. Zilikuwa thelathini na mbili. Donge la damu lilikuwa limeingia kwenye pafu. Alikuwa akitania huku akizama.

Yuko hai, nikutoe wasiwasi. Kaylin ameniambia ameanza kulalamikia supu, na hiyo ni dalili njema kwa mwanamume wa huku.

Baadaye Bi Birchfield alinichukua hadi kwenye chumba cha mashuka. Akaniuliza kama nilipohesabu zilikuwa kumi na nane. Alikuwa ananifungulia mlango, nami niliuona. Pumzi hubadilika ndani ya nusu saa, yeyote anajua hivyo, na hakuna ambaye angeweza kunipinga. Hata Kaylin, aliyekuwa nje na trei mkononi, alikuwa akinitikisia kichwa kwamba sema ndiyo, Bi Twyla, sema ndiyo yaishe. Nikasema sikuhesabu.

Hakunigombeza. Akasema ni mara ya kwanza kwake kusikia mwanafunzi akijibu hivyo, na kwamba itabidi aandike. Akanipa fomu ya kujaza na kuja nayo Jumatatu. Sehemu kubwa ya fomu ni rahisi: jina, tarehe, kilichotokea. Chini kabisa kuna swali lenye mstari mmoja wa kujibia: je, hii ni mara ya kwanza?

Dada, kaa chini kama umesimama.

Lile juma la mwisho la mama, Februari ile, mimi ndiye niliyekuwa zamu ya mchana katika ukumbi wake pale kwenye nyumba ya wazee. Alhamisi nilimwosha, nikamchana nywele, nikamlisha maharage na mkate wa mahindi nilioupika kwangu, akala vijiko vinne. Ijumaa akala viwili, akasema amechoka, nikamwambia sote tumechoka mama. Nikampima. Alhamisi asubuhi niliandika kumi na nane. Alhamisi jioni kumi na nane. Ijumaa kumi na nane, na tena kumi na nane. Nilimpa mama kila kitu nilichokuwa nacho siku zile isipokuwa nusu dakika.

Jumamosi alfajiri midomo yake ilikuwa ya bluu. Yaliyofuata unayajua, ulikuwepo. Ulidai makaratasi, wakakupa, ukaziona zile namba zilizonyooka, nawe ni mtu mwenye akili: ukaona mama alikuwa mzima mpaka Ijumaa jioni, basi aliharibikiwa usiku, na muuguzi wa usiku alikuwa Glenna Fugate. Ulisema mbele ya wazee waliokuwa wakinywa juisi kwamba Glenna amemwacha mama yetu azame. Ukaandika kwa wakubwa. Wiki iliyofuata Glenna akaondolewa. Mimi nilisimama kando yako nimekushika mkoba. Nilikuacha useme.

Mlango ule wa chumba cha mashuka, mimi nilikwisha kupita kwenye mwingine kama huo. Najua kulivyo upande wa pili. Ndiyo maana sikuingia tena. Na kama ulidhani nimekwenda kusoma kwa kutaka makuu, sasa umejua.

Usiniulize kama angepona ningehesabu. Daktari alisema mapafu ya mtu wa miaka themanini na moja hayana ahadi. Huenda angekufa vilevile, huenda asingekufa. Sitajua kamwe.

Jumatano nilikwenda kumwona Glenna. Siku hizi anauza kwenye duka la mbegu na chakula cha kuku, njia ya kwenda machimbo. Nilimngoja amalize kumpimia mtu mahindi, nikamwambia yote pale pale kaunta. Alinisikiliza huku akifunga mdomo wa gunia. Akasema, Twyla, ulidhani sijui? Miaka kumi nasoma makaratasi yako, nani atapumua kumi na nane miaka kumi? Akasema Ijumaa ile aliikuta karatasi ya mama, akaipigia saini bila kwenda kitandani, kwa sababu mtoto wa mgonjwa mwenyewe ndiye aliyepima, na nani atampima mama yake kwa uongo. Ndiyo maana hakujitetea. Wakosaji walikuwa wawili, akasema, nawe Nadine ulimwona mmoja tu.

Kisha akaniita mjinga. Alisema Jumatatu nijibu kuhusu Mzee Hobart tu, nifunge mdomo, nimalize shule, na niwe yule nesi anayekwenda kitandani kutazama. Alisema hataki kazi ile tena hata wakimpigia magoti, kuku hawana ndugu wa kudai makaratasi. Nilimshukuru. Nikanunua mbegu za boga nisizozihitaji, nikaondoka.

Lakini fomu nimeijaza leo. Kwenye swali lile nimeandika hapana, na kwa kuwa mstari mmoja haukutosha nimegeuza karatasi nikaendelea nyuma. Nimeandika jina la mama. Nimeandika pia kwamba Glenna Fugate alifukuzwa kwa namba nilizozitunga mimi. La saini yake sikuliandika, hilo ni lake. Delmer ameisoma, akasema huenda wakaninyang'anya hata cheti cha usaidizi. Nikamwambia najua. Akainuka kwa shida, akaenda kunipashia kahawa.

Kuhusu wewe, sikuombi unisamehe kwa barua, wala usinipigie simu kabla hujalala na jambo hili siku mbili tatu. Naomba jambo moja dogo. Tarehe ishirini na tano ni Jumapili ya kupamba makaburi na kula pamoja kule kilimani. Watu wa akina Fugate wamelala kilima kile kile, hatua ishirini kutoka kwa mama, na tangu ule mwaka Glenna huja na maua yake Jumamosi peke yake, ili asikutane nawe. Nimemwambia mwaka huu aje Jumapili kama watu wote, na chakula chake, akae mezani nasi. Amesema atafikiri. Ukiweza kusimama hapo na sisi wawili, njoo Jumapili. Ukiona huwezi, nitakuelewa. Wewe njoo Jumamosi. Nyasi nitakuwa nimezikata tangu Ijumaa, na nitakuachia ndoo ya maji langoni.

Wasalimie shemeji na watoto, na Shangazi Vesta akikupigia mwambie hujapata barua yoyote. Mungu akutunze wewe na goti lako.

Ni mimi mdogo wako,
Twyla Stamper