Mfuko wa Kushoto

Baba,

Nimerudi na maswali yangu. Ulizoea kuniambia, "Mama, wewe hata siku ya kuzikwa utauliza kaburi lina futi ngapi," ukiniita Mama kwa kuwa nimebeba jina la mama yako, nami nikikuitikia kwa sauti ya bibi kizee mpaka ucheke. Sasa umezikwa wewe, na mwenye maswali bado ni mimi.

Swali lenyewe ni la koti. Lile la kazi, la kaki, ulilolivaa miaka yote dukani Iringo ukitengeneza redio na televisheni za watu wa Musoma, ukastaafu nalo na kuhamia nalo Butiama. Tulipogawana vitu vyako nililichagua hilo. Kaka alinishangaa, maana yeye alikwishaweka jicho kwenye kitanda. Nilipofika nalo huku Bunda nililitandaza juu ya meza ya cherehani nilipunguze linitoshe, ndipo nikaona kitu cha ajabu. Mfuko wa kulia ni mzima kabisa. Wa kushoto una viraka vitatu, kimoja juu ya kingine, na mdomo wake umelika mpaka nyuzi zinaning'inia.

Mimi nashona nguo za watu, Baba. Najua mfuko unavyochakaa, na ningeweza kukuambia mtu anaweka funguo wapi na hela wapi kwa kuitazama suruali yake tu. Mtu wa mkono wa kulia huchakaza mfuko wa kulia. Wewe hukuwa wa kushoto. Nilimpigia mama simu siku hiyohiyo, naye akasema, "Mimi nilikuwaga natia viraka tu. Nilimwambia huo mkono wake ni mvivu, kutwa umelala mfukoni. Akacheka." Basi, hakuwa na zaidi. Nikalitundika koti msumarini bila kulikata, kwa sababu nilitaka kwanza kujua.

Pamoja na koti nilichukua simu yako. Hakuna aliyeitaka, kioo kimepasuka. Nilidhani nitakuta picha za wajukuu, nikakuta watu. Nikakuta kundi zima la mafundi, Karakana Bila Ukuta, na humo ndani uko wewe, unaongea! Wewe uliyekuwa ukikaa mezani kwangu ukala ugali na sato mpaka mwisho, na neno pekee likawa chumvi. Kumbe huko ulikuwa unamtania fundi wa Kigoma aliyeunguza meza ya mkewe kwa pasi ya kulehemu. Ulikuwa unamwelekeza mtu wa Tanga, hatua kwa hatua, asubuhi nzima, na alipokutumia sauti ya redio yake ikiimba ulimwandikia, "Sasa nenda ukale." Nilisoma siku kadhaa tangu juu, pini ziko mdomoni, wateja wananisubiri. Niliona wivu, Baba. Niseme ukweli. Nilijiuliza kwa nini wageni hawa walipewa maneno ambayo sisi watoto wako hatukuyapata. Kisha nikakumbuka kwamba wao walikuwa wanakuuliza. Mimi, pamoja na maswali yangu yote, sikuwahi kukuuliza redio inaimbaje.

Jambo moja lilinichekesha. Kila jibu lako lilianza na maneno yaleyale: "Mkono wa kushoto uko wapi?" Nao wanajibu, "Upo salama, Mzee." Halafu ndipo unaingia kwenye kazi. Nikaona ni salamu yenu wanaume wa vyuma, kama watu wanavyoulizana habari za ng'ombe.

Hakuna hata mmoja humo aliyejua kwamba umefariki. "Mzee, mbona kimya?" waliandika. "Mzee, umeenda kuchunga?" Mara ngapi nimeandika kwamba umefariki, nikafuta? Butiama tulikuwa tumekwisha kukufukia, lakini kwenye simu hiyo ulikuwa hai bado, na sepetu ya udongo nilikuwa nimeishika mimi. Sikuweza. Nikasema nikae kimya kidogo. Halafu sikukaa kimya, na hapo ndipo nilipokosea.

Kuna mama mmoja wa Kiriba, Nyasatu, unamjua kuliko mimi. Anatengeneza chaja za zile taa wanazotumia wavuvi wa dagaa, na kazi yote amejifunza kwako kwa simu. Aliandika kwamba chaja moja haitoi moto, fyuzi ni nzima, afanyeje, wenye taa wanaisubiri. Akaomba Mzee amjibu. Na mimi nilikuwa nimeliona swali kama lile huko juu, na jibu lako nilikuwa nalo. Nikaona, ah, nimsaidie. Nikalinakili: angalia kapasita ile kubwa, kama imevimba itoe uweke nyingine. Salamu nikaiacha. Niliona ni utani wako, nikaona si haki kutania kwa mdomo wa marehemu. Angalia heshima niliyoichagua! Jina lako nimelivaa, nikaogopa salamu.

Nilijisikia vizuri sana kwa muda wa kama kupika chai. Kisha ujumbe ukaingia.

"Chaja imenipiga. Nimeanguka na stuli, mkono bado unatetemeka. Wewe siyo Mzee. Mzee huwaga anauliza mkono kwanza. Wewe ni nani?"

Baba, sikuthubutu kuandika tena. Nilimpigia. Nilianza kulia kabla hajaitikia, na yeye, aliyepigwa na umeme kwa ajili yangu, akaniuliza kwa upole, "Alitutoka lini?" Nilikuwa sijasema neno. Alijua tayari. Alisema alikuwa ameanza kuogopa tangu wiki ya kwanza ulipokosa kumtania.

Nikamwomba radhi, na nilipopata pumzi nikamuuliza, maana ndivyo nilivyo. Kwa nini mkono? Akanifundisha kama ulivyomfundisha wewe. Kwamba kapasita kubwa huweka umeme ndani yake hata ukichomoa waya ukutani, na chaja ikiwa imekufa umeme huo hauna pa kwenda, unakusubiri wewe. Kwamba ukishika kwa mikono miwili, umeme unaingia huku na kutokea kule, na njiani unapita kifuani penye moyo. Kwa hiyo fundi aliyefundishwa vizuri hufanya kazi kwa mkono mmoja, na ule mwingine anauficha usije ukajipeleka wenyewe. "Mimi naujua huo mkono miaka yote," aliniambia, "ila nimezoea aniulize, ndiyo nauweka." Na siku ile hakuna aliyemuuliza.

Nilipokata simu niliinua macho, koti lako liko msumarini. Viraka vitatu. Nililia kwa sauti mpaka mteja aliyekuja kupima gauni akarudi mlangoni. Miaka yote mama aliyokuita mvivu wa upande mmoja, ulikuwa unajitunza urudi nyumbani kwetu.

Niliwaandikia siku hiyohiyo. Safari hii sikufuta. Niliwaambia kwamba umefariki, kwamba aliyemjibu Nyasatu ni mimi binti yako, na kwamba nimemponza. Nilitegemea matusi, maana nilistahili. Hayakuja. Kisha yule wa Kigoma akatuma picha bila maneno, mkono wake wa kushoto umezama mfukoni mwa ovaroli. Akafuata wa Tanga, kisha mwingine na mwingine, suruali, makoti, kaptura, kila mmoja akijipiga picha kwa mkono wake wa kulia. Mifuko yao yote imelika mdomo. Nimeshaona mifuko mingi katika kazi hii lakini sijawahi kuitazama kwa namna ile. Nyasatu akatuma ya mwisho. Gauni lake halina mfuko, alikuwa ameuzungushia mkono khanga kiunoni.

Hiyo mimi naijua dawa yake. Jumamosi iliyopita nilipita Musoma nikaenda hadi Kiriba na aproni niliyomshonea, kitambaa kigumu, mfuko mmoja tu, wa kushoto, mdomo wake nimeupiga mishono miwili na ndani nimetia kitambaa cha pili. Alipoutumbukiza mkono alicheka, akasema sasa yuko ofisini. Chaja ilikuwa mezani, imepona. Alifanya kama ulivyosema. Kumbe jibu lilikuwa sahihi, lililokosekana ni swali.

Sasa nikuahidi. Wamenikataza kutoka kwenye kundi. Umeme sitajifanya naujua tena, na jina lako nimelivua, naandika kwa langu. Lakini kila asubuhi kabla sijafungua cherehani nasoma waliouliza, na kabla mafundi hawajaanza kuwajibu, ninawahi mimi: "Mkono wa kushoto uko wapi?" Hiyo ndiyo kazi yangu humo na nitaifanya mpaka nichoke mwili. Koti sitalipunguza. Linanipwaya na litanipwaya hivyohivyo.

Pumzika, Baba. Mama anakusalimu, anasema anaomba radhi kwa huo mkono. Na usishangae mwandiko wangu ulivyopinda. Karatasi inateleza mezani, hakuna wa kuishikilia. Wa kushoto uko mfukoni.

Ni mimi,
Mama yako.